Shangazi Peke Yake Ukumbini

Naliendele, Mtwara
9 Februari 2025

Mwanangu Brian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kama bado naruhusiwa kukuita Brian au wamekwisha kukupa jina la mtakatifu. Mpaka nitakapoambiwa vinginevyo, wewe ni Brian.

Huku joto ni la kuanika samaki ndani ya nyumba. Maabara yetu ina feni mbili, na moja inazunguka pale tu mkurugenzi anapopita. Magoti yangu hayajambo. Baba yako alinipigia kutoka Newala siku ya Jumanne. Kaka yangu yule, tangu uingie unovisi, hawezi kununua hata chumvi bila kumweleza muuza duka kwamba mwanawe wa pekee anakwenda kuwa bruda. Amekwisha kuchagua mbuzi wa sherehe ya nadhiri zako, na kwa kuwa hana subira amemwita Nadhiri. Nimemwambia, "Gaudensi, mtoto ana miezi sita tu kule, mbuzi atazeeka." Akakata simu.

Nyumba ni kimya. Miaka yote ile uliyokaa kwangu nilikuwa nawafokea, wewe na Helder, mpunguze kelele pale sebuleni. Sasa kochi liko tupu, na mimi nakaa jikoni kwa sababu sebule imekuwa kubwa mno.

Halafu kuna jambo la simu yako. Uliniambia nimpe kijana yeyote mwenye shida nayo. Sijampa mtu. Iko kwenye kabati la vyombo, na kila Jumapili naichaji kidogo isife. Juzi nilipoiwasha, ile gemu yenu ya mpira ikafunguka yenyewe. Nilikuwa natafuta pa kuizimia, nikafunga goli. Goli nilijifunga mwenyewe, lakini goli ni goli.

Niambie unakula nini na kama blanketi linatosha.

Shangazi yako,
Yustina


Nyumba ya Unovisi, Mbinga
2 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Milele na milele, amina. Barua yako nilipewa Jumapili baada ya chakula cha mchana, ndiyo saa ya barua hapa. Nilicheka kwa lile goli mpaka mwenzangu Stefano akadhani naumwa. Tunaruhusiwa kuandika barua moja kwa mwezi, na kuanzia Jumatano ya Majivu hatuandiki mpaka Pasaka ipite. Kwa hiyo nikikaa kimya usiwapigie mapadri simu.

Blanketi halitoshi. Baridi ya milima hii inaingia kwenye meno. Nimekomaa mikono: asubuhi tunasali, halafu ni jembe la maharage, halafu darasa, halafu kuni. Kwenye kwaya nimewekwa sauti ya besi. Chakula ni ugali na maharage, na siku ya sikukuu ni ugali na maharage na wimbo. Nimenenepa. Usimwambie baba kuhusu blanketi, atakuja nalo mwenyewe.

Kinachonisumbua ni ukimya. Kuna saa ambazo hatuongei kabisa, na vidole gumba vyangu vinacheza vyenyewe juu ya goti kama vile bado vimeshika simu. Mlezi wetu ameviona.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu wazi. Helder ameniandikia? Unajua tulivyoachana. Miaka minne tumecheza wawili, yeye akipanda gari kutoka Kilambo kila Ijumaa kwa ajili ya mtandao wa kwako, na siku niliyomuaga aliniambia, "Wewe huitwi, unakimbia." Nikamjibu vibaya. Kama yuko kimya, niambie yuko kimya. Kama ameandika, niambie alichosema, hata kama kinauma.

Umsalimie kila mtu wa jumuiya. Uendelee na magoli, ila upande wa pili wa uwanja.

Mwanao,
Brian


Naliendele, Mtwara
24 Aprili 2025

Mpendwa Brian,

Kristo amefufuka, na blanketi hili ni ushahidi. Nimelifunga vizuri, lina pamba ndani. Ukimpa mtu mwingine kwa ajili ya utakatifu nitajua.

Mvua zimeturudisha kwenye uhai. Barabara ya kwenda Msimbati ilikatika kwa siku mbili, samaki wakaadimika sokoni, nasi tukala mchicha kama watawa. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kupima udongo. Ina vitufe vingi kuliko ndege. Wakauliza nani aende Dar es Salaam mwezi wa sita kujifunza kuitumia, vijana wote wakatazama chini. Nikasema nitakwenda mimi. Nina miaka hamsini na tano, kustaafu bado miaka mitano, sitaki kuwa mtu wa kubeba chupa za sampuli tu mpaka siku ya mwisho.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda Kilambo. Tulikuwa na mafunzo ya wakulima wa korosho wiki hiyo, nikatangulia siku moja kumwona Joana, mama yake Helder. Anauza kapulana, vile vitenge vya Msumbiji, na samaki wakavu palepale wanapovukia kwenda ng'ambo, na anamjua kila anayepita. Alinishika mkono hataki kuuachia. "Ntoto wako kaenda kwa mapadri," akasema, "wangu kaenda Dar es Salaam. Tumebaki mimi na wewe na nto Ruvuma." Tukala muhogo kwa samaki, tukawasema ninyi wote wawili, tukafurahi sana.

Helder kumbe amehamia Dar, anatengeneza simu kwenye kibanda cha mjomba wake. Hajambo.

Kuhusu simu yako: imejaa matangazo. Kampuni imekutakia Pasaka njema mara tatu, wewe ambaye ndiye wa kutuombea. Nakiri kwamba gemu naifungua zaidi ya Jumapili. Najua sasa kupiga krosi. Wiki iliyopita nilimfunga mtu wa Lindi mabao mawili kwa moja, akaniandikia matusi, nikamjibu kwamba mama yake hajui anachokifanya. Akaomba msamaha papo hapo. Nadhani ni mwanafunzi.

Kula vizuri.

Shangazi Yustina


Nyumba ya Unovisi, Mbinga
18 Mei 2025

Shangazi,

Asante kwa blanketi. Sijalitoa sadaka. Stefano ameomba kulala upande ule ambao linaninginia.

Nimesoma barua yako mara nne. Umenijibu kuhusu mashine, mchicha, muhogo na mtu wa Lindi. Swali langu nililokuomba unijibu wazi umelizunguka kama dimbwi barabarani. Sikulazimishi. Nimeliona tu.

Sasa nikuombe jambo. Umesema utakuwa Dar mwezi wa sita. Kila mwaka mwezi huo kuna mashindano ya gemu yetu, kwenye ukumbi, na watu wanakaa kutazama kama uwanjani. Mwaka huu ni Jumamosi tarehe 14, nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kabla ya kuja huku. Miaka miwili iliyopita mimi nilifuzu. Hukujua. Baba alisema mwanaume mzima hapandi basi kutoka Mtwara mpaka Dar kwenda kubonyeza simu, nami nikanyamaza, nikamwambia Helder nina malaria. Sijawahi kuingia kwenye ukumbi ule.

Nenda wewe. Kaa uniangalizie. Nataka kujua wanakaaje, kelele zikoje, kama mchezaji akiwa jukwaani anaonekana mdogo au mkubwa. Uniandikie kila kitu.

Mavuno ya kahawa yameanza kwa majirani. Mlezi aliniuliza juzi kama nina amani. Nilimjibu ninayo. Nadhiri ni tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa. Ya kuandika zaidi kuhusu hilo sina leo.

Mwanao,
Brian


Naliendele, Mtwara
22 Juni 2025

Mwanangu Brian,

Amani kwako. Nimerudi salama, magoti yamevimba kwa basi lakini yanapungua. Mashine nimeiweza. Nilikuwa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa kijana aliyeisomea chuoni, kwa hiyo mimi najihesabu wa kwanza. Baba yako anakusalimu, mbuzi pia.

Sasa nikuandikie kila kitu, kama ulivyosema.

Jumamosi ile mafunzo yalikuwa yameisha. Nilikuwa nimefikia hosteli ya masista, na wenzangu wa semina walikwenda Kariakoo kununua nguo. Wakaniita twende. Nikasema nina miadi. Nilivaa kitenge changu cha bluu, nikaweka korosho za kukaanga kwenye mkoba, nikachukua bajaji mpaka Kijitonyama.

Brian, nilifika getini nikapita. Nilitembea mpaka kwenye duka la dawa, nikasimama, nikarudi, nikapita tena. Vijana walikuwa wanaingia makundi makundi, wana fulana zinazofanana, wanagongana mabega. Nilipokuwa nimesimama pale nikatambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika maisha yangu yote. Nimekwenda harusini, msibani, hospitali, kanisani, semina. Kila mahali nilikwenda kwa sababu kuna mtu ananihitaji, au nimemsindikiza mtu, au kazi imenituma. Sijawahi kwenda mahali peke yangu kwa kujifurahisha tu. Sikujua mikono iwekwe wapi.

Mara ya tatu mlinzi akanionea huruma. "Mama, umemfuata mtoto? Niambie jina nimwite."

"Sijamfuata mtu," nikasema. "Nimekuja kutazama mechi."

Akanitazama juu mpaka chini, kitenge na mkoba. Halafu akanifunga utepe wa karatasi mkononi kwa adabu kama ananivisha rozari. "Karibu mama. Ukichoka kelele, choo kiko kushoto, kule kuna utulivu."

Ndani ni giza na baridi, wameweka viyoyozi kama wanahifadhi nyama. Mbele kuna jukwaa, na juu yake meza moja na viti viwili vinavyotazamana. Nyuma yao kuna kioo kikubwa kuliko ukuta wa kanisa letu, ndicho kinachoonyesha mpira. Watazamaji walikuwa kama mia tatu. Nilichagua kiti cha safu ya nyuma kabisa, pembeni, nikaushika mkoba kwa mikono miwili. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyeniambia neno, na mimi sikumtazama mtu. Nilitaka kuondoka. Nakwambia kweli, nilihesabu hatua za mpaka mlangoni.

Ndipo nikafungua korosho. Harufu ikatembea. Binti wa kiti cha mbele akageuka. "Mama, hizo za Mtwara?"

"Za Naliendele," nikasema, "mti nimeupanda mwenyewe."

Akahamia kando yangu bila kuulizwa. Jina lake Zawadi, anasomea uhasibu, naye amekuja peke yake. "Mara ya kwanza nililia chooni," akaniambia, "sasa nakuja kila mwaka." Akanieleza kwamba ni mechi tatu, atakayeshinda mbili anasonga mbele. Nikaitikia kama sijui.

Mtangazaji akaita jina, na aliyepanda jukwaani alikuwa Helder.

Umeniuliza kama mchezaji anaonekana mdogo au mkubwa. Anapopanda ni mdogo sana, mabega yamemshuka, unataka kumpa uji. Akishakaa na kuvaa hedifoni anakuwa mtu mwingine. Jina lake kwenye kioo lilikuwa KILAMBO. Basi. Mtangazaji akauliza kwa sauti, "Kilambo ni nini jamani?" nami nikasimama huku nyuma nikajibu kwa nguvu zote, "Ni kwetu! Mpakani!" Watu mia tatu wakageuka. Nilitaka kuingia chini ya kiti, lakini walipiga makofi, Brian. Walinipigia makofi.

Mpinzani wake alikuwa kijana mrefu wa Arusha. Mechi ya kwanza akamfunga Helder mbili bila. Ya pili Helder akashinda moja bila. Ya tatu ilikuwa moja kwa moja, zimebaki dakika chache, na mimi nikaona jambo. Beki wa kulia wa yule wa Arusha kila akipanda hakuwa anarudi. Nyuma yake palikuwa peupe kama shamba lililofyekwa. Nikaanza kupiga kelele, "Kushoto! Mpelekee kushoto!"

"Mama, hawasikii," Zawadi akasema, "wameziba masikio." Halafu akatazama kioo, akanitazama mimi. "Lakini ni kweli! Kushoto!" Akasimama naye. Safu yote ya nyuma ikasimama, tunaimba kushoto, kushoto. Sijui Helder alihisi nini. Alipeleka kushoto. Krosi, kichwa, goli. Nilimkumbatia Zawadi, korosho zote zikamwagika, mtu fulani nisiyemjua akaniinua kutoka chini. Sijapiga kelele hivyo tangu mwaka niliofaulu mtihani wa darasa la saba.

Nimefika kwenye sehemu ninayoiogopa.

Helder aliposhuka aliniona. Alikuja mbio, akanikumbatia, jasho linamtoka, anacheka. Halafu akaniuliza, "Shangazi, ulimpa Brian ujumbe wangu?"

Nilisema kulikuwa na kelele, sikusikia. Akauliza tena. Nikamwambia, "Watu wanakuita."

Ujumbe upo, mwanangu. Uliingia kwenye simu yako tarehe 7 Februari, siku mbili kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nimeunakili hapa neno kwa neno: "Brian, nisamehe kwa nililosema. Mwaka huu kuna nafasi ya wawili wawili Dar, na kuna watu wanataka kutusimamia tucheze kama kazi. Simtaki mwingine. Kama unaitwa kweli, baki. Kama huna uhakika, nakungoja mpaka Pasaka." Alikungoja. Pasaka ilipopita akajiandikisha peke yake. Mchana ule alishinda mechi moja tena, akatolewa nusu fainali.

Niliuficha kwa sababu nilimwona baba yako anavyotembea siku hizi, mgongo umenyooka. Nilijiambia nakulinda. Lakini nilipokuwa nimekaa pale peke yangu, mahali nilipochagua kwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nilielewa nilichokufanyia. Wewe nilikunyima kuchagua. Nisamehe, au usinisamehe bado, lakini usiache kuniandikia.

Yustina


Naliendele, Mtwara
20 Julai 2025

Brian,

Mikorosho imechanua, tunapuliza salfa kila siku na nguo zote zinanuka kiberiti. Mwezi wako wa barua umepita. Nimemwambia baba yako kwamba posta inachelewa. Sikumwambia mengine, hayo ni yako kumwambia.

Sina habari nyingine. Nilitaka tu ujue kwamba nipo.

Shangazi


Nyumba ya Unovisi, Mbinga
27 Julai 2025

Shangazi yangu,

Posta haikuchelewa. Nilichelewa mimi.

Barua yako niliisomea kwenye shamba la maharage. Mpaka pale penye "kushoto, kushoto" nilikuwa nacheka peke yangu. Nilipofika mwisho nikaweka jembe chini nikatembea mpaka kwenye mto, na sikurudi kwa ajili ya sala ya mchana. Nilikuandikia barua tatu. Zote nimezichana. Ya kwanza ilikuwa mbaya sana, nashukuru hukuiona.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mlezi aliponiuliza kuhusu amani. Mwezi wa pili sikuwa nayo. Kama ujumbe ule ungenifikia, ningeondoka siku iyo hiyo, na begi langu lilikuwa tayari limefungwa chini ya kitanda tangu Krismasi. Kwa hiyo ulifanya kazi uliyotaka kuifanya. Ndiyo maana niliumia. Nilijiona kama mbuzi wa baba, nimefungwa kamba na nimepewa jina.

Mlezi aliona siimbi. Akaniita ofisini. Sikumficha. Nilidhani ataniambia nisali. Akauliza, "Unataka nini?"

"Nataka kupiga simu moja."

Akaisogeza simu ya ofisi kwangu, akatoka nje, akaanza kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa.

Helder alipokea mara ya kwanza. "Nani mwenzangu?"

"Brian."

"Brian! Umetoka?"

"Sijatoka. Nimepata ujumbe wako juzi tu."

Nikamsikia akiweka bisibisi mezani. Halafu akasema, "Shangazi." Hakuuliza, alisema tu. "Nilijua siku ile ukumbini. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyevunja sahani. Usimkasirikie sana, Brian, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka." Halafu akaniambia wale watu bado wapo, na nafasi bado ipo. "Nakuuliza sasa mwenyewe. Unakuja?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia nipe wiki moja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Siji."

"Huji kwa sababu ya baba yako?"

"Hapana."

"Kwa sababu ya mapadri?"

"Hapana. Siji kwa sababu nataka kukaa hapa."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi sikukosea kukungoja," akasema. "Nilitaka tu kusikia ukisema wewe." Nikamwomba msamaha kwa lile nililomjibu, na kwa ile malaria. Kumbe malaria hakuiamini hata siku ile.

Nilisubiri nijute. Nilisubiri wiki nzima ndipo nikaandika hii. Sijuti. Begi nimelifungua, nguo nimezipanga kwenye rafu, na Stefano akaniuliza kama nimehamia leo. Nikamwambia ndiyo.

Usinifiche kitu tena, Shangazi, hata kizuri. Nimekusamehe. Ile picha yako umekaa safu ya nyuma umeshika mkoba, unahesabu hatua za mlangoni, nimeibeba kila mahali. Miezi yangu ya kwanza hapa ilikuwa vilevile.

Njoo tarehe 15. Njoo na Helder kama atapata ruhusa kazini. Baba nimemwandikia mwenyewe, kurasa mbili, nimemwambia yote.

Mwanao,
Brian


Naliendele, Mtwara
14 Septemba 2025

Bruda Brian, mwanangu,

Tumsifu. Kumbe jina ni lilelile, nimefurahi, sikuwa tayari kujifunza jipya. Tulifika nyumbani salama. Baba yako alilala njia nzima kutoka Songea akiwa ameshikilia picha ya nadhiri kifuani. Sijamwambia kwamba alikoroma. Alipoamka Tunduru akaniambia kitu kimoja tu, kwamba barua yako ya kurasa mbili anayo mfukoni na ameisoma mara nyingi kuliko alivyokuonyesha. Macho yalikuwa mekundu. Nikampa muhogo.

Helder ulimwona mwenyewe, suti ya kuazima, anapiga vigelegele kuliko wanawake. Sasa amechukua likizo, yuko Kilambo kwa mama yake mpaka mwisho wa mwezi. Ijumaa iliyopita alikuja kwangu na begi lake, akakaa kwenye kochi kama zamani, akaniambia kuna mashindano ya kwanza hapa Mtwara, wawili wawili, kwenye ukumbi wa shule, na mwenzake aliyemtegemea amepata safari ya Nampula, Msumbiji.

"Tafuta kijana mwingine," nikamwambia.

"Nimeshatafuta," akasema. "Nimewajaribu sita. Hakuna hata mmoja anayeona beki asiporudi."

Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali. Nikamwambia nina magoti. Akasema gemu haichezwi kwa magoti.

Jana, Jumamosi, saa nne asubuhi, nimepanda jukwaani. Kutoka pale juu watu wanaonekana wachache sana, hilo sikulijua nilipokuwa nyuma. Dakika tano za kwanza nilikuwa nabonyeza kitufe kisicho chake, tukafungwa moja. Halafu nikasahau kwamba nimepanda jukwaani. Joana alikuwa mbele kabisa na kapulana kichwani, anawaambia watu wote, "Yule mama ni ntu wangu!" Tulicheza na vijana wawili wa Chikongola ambao mwanzoni walikuwa wananiita mama, na mwishoni hawakuniita kitu. Mbili kwa moja. La pili nilifunga mimi, upande sahihi wa uwanja.

Mechi inayofuata ni Jumamosi ijayo, na wale tutakaokutana nao wanaogopwa. Wewe sasa ni mtu wa sala, kwa hiyo nakuagiza. Niombee macho, niombee vidole visikaze, na umwombee Helder asinifokee. Kushinda usiniombee. Hilo nataka nilipate mwenyewe.

Shangazi yako,
Yustina